Zawadi saba, roli moja ya karatasi: nifungeje zipendeze?

Tumaini_K

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada wa wenye mikono mizuri. Nina zawadi saba za kufunga kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Zote zitafunguliwa siku moja, mbele ya watu. Baada ya kununua zawadi zenyewe, hela iliyobaki imetosha vitu viwili tu: roli moja ya karatasi ya kaki, upana sentimita 70 na urefu mita 2, na utepe wa kitambaa wa kijani kilichokolea, mita 5. Selotepu ninayo, mkasi ninao, rula ya shule ninayo. Basi.

Zawadi ni hizi. Sanduku la vikombe, sm 20 kwa 20, kimo sm 6. Kitabu, sm 21 kwa 15, unene sm 2.5. Picha yenye fremu, 30 kwa 24, unene 2. Sweta ambalo halina boksi. Manukato kwenye kiboksi cha 6 kwa 6, kimo 12. Hereni kwenye kiboksi cha 5 kwa 5, kimo 3. Na mpira wa miguu wa mpwa wangu.

Jana usiku nilijaribu sanduku la vikombe kwa gazeti la zamani, ili nisiguse karatasi nzuri kabla sijajua ninachofanya. Niliacha karatasi ya kutosha kila upande nikiamini ndiyo itakayoniokoa. Ncha zote mbili zikavimba kama mto. Pembeni karatasi ikajikunja hovyo, nikabandika selotepu vipande vinane, vyote vikaonekana. Nikavuta ili ikaze, pembe ikatoboka.

Vikombe vile ni vya dada yangu aliyenilea. Nimevitafuta miezi mitatu. Nataka akishika kifurushi kile ajue, hata kabla hajakifungua, kwamba nilikaa chini nikamfikiria. Na karatasi ya mita 2 inatosha kweli kwa vitu saba? Hilo nalo linaninyima usingizi.

---

Neema_2

Pole mwaya. Kwa nini usichukue mifuko ya zawadi, ile yenye mikono? Unatumbukiza, unaweka karatasi laini juu, umemaliza.

---

Tumaini_K

Neema, asante, ila mifuko saba inazidi uwezo wangu kwa sasa. Na kwa dada natamani kifurushi kilichofungwa kwa mkono.

---

Shangazi_Mkunjo

Tumaini mwanangu, shikamoo umeshanipa kwa hayo maneno ya dada yako. Kaa nikueleze, maana kazi hii nimeifanya miaka tisa, nikisimama nyuma ya meza ya kufungia zawadi kwenye duka la vitabu, na kosa lako ndilo nililoanza nalo mimi.

Wiki yangu ya kwanza pale, mama aliyekuwa akinifundisha alichukua kifurushi nilichotoka kukifunga, akakifungua mbele yangu taratibu bila kukichana. Akatandaza karatasi mezani, akaweka lile boksi katikati, kisha akakata kile kilichozidi kila upande. Kipande kilichotoka kilikuwa na upana wa viganja viwili. Akakifunga tena boksi lilelile kwa karatasi iliyobaki. Mikono yake ilikwenda polepole kuliko yangu, na ncha zilitoka bapa kama zimepigwa pasi. Kile kipande alichokata akakipachika ukutani juu ya meza yangu, kikakaa pale mwaka mzima.

Ndiyo maana nakuambia: karatasi nyingi ndiyo iliyokuharibia. Ncha ikivimba, ujue karatasi iliyoning'inia nje ya sanduku ni ndefu kuliko kimo cha sanduku. Ile ziada haina pa kwenda, inajikunja ndani na kusukuma kwa nje. Unaogopa isipungue, unaacha nyingi, unapoteza karatasi na unapata mto. Ukipima, hela inapona na kifurushi kinanyooka kwa mkasi uleule.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Karatasi ya kuzunguka kitu: zunguka mara moja, ongeza sm 2. Katika hizo 2, moja unaikunja kwa ndani ili ukingo uliokatwa usionekane, na nyingine inapanda juu ya mwenzake. Karatasi ya urefu: urefu wa kitu, kisha kila ncha iachie robo tatu za kimo chake. Kimo kikiwa sm 6, kila ncha iachie 4.5. Isizidi hapo. Utaona kama ni kidogo mno, vumilia.

Nimechukua vitu vyako nikavipanga usiku huu kwenye karatasi ya hesabu:

Fremu inataka 54 kwa 33. Sweta, likunje juu ya kipande cha kadibodi cha 30 kwa 22, litapata unene wa kama 4, linataka 54 kwa 36. Sasa tazama: 33 na 36 ni 69, na roli yako ina upana wa 70. Vinalala ubavu kwa ubavu, vinakula sm 54 tu za urefu wa roli. Sanduku la vikombe linataka mraba wa 38, nitakueleza kwa nini. Kando yake inabaki 32, na kitabu kinachotaka 37 kwa 25 kinaingia pale. Hapo umekula 38 nyingine. Manukato 26 kwa 21 na hereni 18 kwa 10 vinakaa pamoja kwenye 26. Jumla 118. Utabakiwa na sm 82 nzima, na mpira sijauhesabu kwa sababu mpira haufungwi kwa karatasi. Huo tutautafutia kitambaa.

Sasa vikombe vya dada. Sanduku lenye uso wa mraba usilifunge kwa kunyoosha. Liweke kwa mshazari katikati ya karatasi ya mraba, pembe za sanduku zielekee katikati ya kingo za karatasi. Ukubwa wa karatasi unaupata hivi: pima ulalo wa uso wa juu, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayotazamana nayo, kisha ongeza kimo mara moja na nusu. Kwako ulalo ni 28.3, ongeza 9, unapata 37.3. Kata 38. Ukiinua zile pembe nne za karatasi zinakutana katikati ya sanduku juu, kama bahasha. Kipande kimoja cha selotepu kinatosha, na hicho kinafunikwa na utepe. Kwa kunyoosha ungetumia 54 kwa 29, ambayo ni karatasi zaidi, na bado ungekuwa na ncha mbili za kuhangaika nazo.

Ila mikunjo ndiyo kazi. Ukiinua pembe ya kwanza, pande zake mbili zitatoa mbawa. Usizibane kwa nje. Zisukume ndani kwa kidole cha shahada mpaka zikae bapa kwenye ubavu wa sanduku, ndipo upitishe ukucha wa dole gumba juu ya ukingo, kutoka pembe hadi pembe, mara moja, kwa uzito. Usirudie rudie, karatasi itachoka. Ukimaliza pembe zote nne, shika kila ukingo wa sanduku katikati ya kidole na dole gumba, tembeza kutoka mwanzo hadi mwisho kama unayenyoosha uzi. Hapo ndipo kifurushi kinapobadilika sura. Wengi huacha hatua hiyo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Selotepu: weka kwa chini, au ikunje iwe kiduara chenye gundi nje, uibandike katikati ya tabaka mbili. Kumbuka ilitengenezwa mwaka 1930, na Richard Drew wa kampuni ya 3M kule Marekani. Kabla ya hapo watu walifunga vifurushi kwa mikunjo, uzi na nta, na vilisafiri mbali. Mikunjo ikiwa mizuri, selotepu inabaki kushikilia tu.

---

BabaVitabu

Shangazi heshima yako. Mimi ni mjalidi wa vitabu, karatasi ndiyo maisha yangu, kwa hiyo niruhusu niongeze jambo moja, na pengine nikupinge kidogo.

Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo kama mti. Kwenye roli mara nyingi zinakwenda na urefu wa roli. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unalala wenyewe. Ukikunja kukata nyuzi, unabishana nao, na kwenye kaki nene unaweza hata kupasuka juu. Tumaini, unaweza kuhakikisha mwenyewe: pindisha karatasi taratibu bila kuibonyeza, kwanza upande huu kisha ule. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi.

Mpango wa Shangazi ni mzuri kwa kubana karatasi, ila fremu na sweta vikilala ubavu kwa ubavu namna ile, mikunjo yao mirefu inakata nyuzi. Sisemi uache. Nasema kabla ya kukunja, chukua kalamu ya wino iliyokwisha, weka rula, kisha piga mstari kwa nguvu ya wastani upande wa ndani, pale mkunjo utakapokuwa. Kichwa cha kalamu kinalaza nyuzi. Kunja baada ya hapo uone. Fremu yenye unene wa sm 2 inataka mistari miwili kila ukingo, kwa umbali wa hizo 2.

---

Shangazi_Mkunjo

BabaVitabu, hapo umenishika, na nimekubali. Pale dukani karatasi zetu zilikuwa nyembamba, sikuwahi kuliona tatizo hilo. Tumaini, fuata alivyosema, tafuta kalamu iliyokwisha.

---

Tumaini_K

Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikiwa na rula mkononi. Kalamu zilizokwisha nimepata tatu kwenye droo.

Swali dogo ambalo naona aibu kuuliza. Kaki si ndiyo karatasi ya vifurushi vya posta na bahasha za ofisini? Nilinunua kwa sababu ndiyo niliyoimudu. Zawadi za wengine siku hiyo zitakuwa zinang'aa, za dhahabu na fedha. Nahofia za kwetu zitaonekana za watu waliokosa.

---

BabaVitabu

Usione aibu, kaka au dada, sijui nikuiteje. Karatasi ya mapambo unayoiona madukani leo nayo ilianza kwa kukosa. Mwaka 1917 ndugu wawili wa ukoo wa Hall walikuwa na duka Kansas City, Marekani. Msimu wa Krismasi ziliwaishia karatasi laini za kufungia, zile nyeupe, nyekundu na kijani ambazo kila mtu alikuwa akizitumia. Wakachukua karatasi zenye nakshi kutoka Ufaransa, zilizotengenezwa kwa ajili ya kutandika ndani ya bahasha, wakaziweka juu ya meza ya duka. Ziliondoka zote. Mwaka uliofuata wakaziuza tena. Baadaye wakaanza kuchapa za kwao, na duka lile ndilo lililokuja kuwa Hallmark, ile kampuni ya kadi za salamu.

Halafu kuna suala la mkono. Chukua kipande cha karatasi inayong'aa ukifinye kwenye ngumi, kisha ukiachie. Kikijifungua chenyewe, jua kina plastiki juu yake. Plastiki haishiki mkunjo, na karatasi ya namna hiyo ukishaitupa hairudi kuwa karatasi. Kaki ukiifinya inabaki ilivyofinywa. Utii huohuo ndio itakaokupa kwenye kingo.

---

Shangazi_Mkunjo

Mimi naona huyu Tumaini ni dada, nimeshamsikia kwenye maandishi. Kama nimekosea anisamehe.

Mwanangu, kaki na kijani kilichokolea ni rangi mbili zinazopatana tangu asili, gome na jani. Usiongeze ya tatu. Meza nzima ikiwa inang'aa, jicho litakwenda kutulia kwenye vile visivyong'aa. Nimeona hivyo miaka tisa, wateja wakinyoosha kidole kwenye kifurushi cha kaki kilichokunjwa vizuri na kusema, nifungie kama kile.

Tuje kwenye utepe, maana mita 5 zinaliwa haraka. Ukizungusha msalaba kwenye sanduku la vikombe unakula sm 104 kabla hujafunga fundo, na fundo la kipepeo linataka kama 60 nyingine. Hiyo ni 164 kwa kitu kimoja. Mpe dada msalaba huo, anastahili. Sweta lipe mzunguko mmoja tu, 52 na fundo. Wala usiupitishe katikati, upitishe kwenye theluthi moja, upande wa kushoto. Ukiwa pembeni kidogo utepe unaonekana umewekwa kwa makusudi, na ile sehemu iliyobaki tupu inapumua. Kitabu na manukato vifunge kwa uzi wa katani au uzi wa sufu uliobaki nyumbani, zungusha mara tatu sambamba. Fremu usiiwekee utepe kabisa. Kutoka kwenye zile sm 82, kata ukanda wa upana wa sm 8, kunja kingo zake kwa ndani, uuvishe fremu kama mkanda kiunoni.

Na kipepeo, sikiliza. Kikikaa wima, masikio yake yakitazama juu na chini badala ya kulala kulia na kushoto, usikivute wala usikikanyage kwa selotepu. Kosa liko kwenye mafundo yenyewe. Ulipitisha mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kisha kwenye fundo la pili ukarudia vilevile. Badilisha moja tu kati ya hayo mawili: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Kitalala chenyewe. Ncha za utepe zikate kwa mshazari, la sivyo zitafumuka nyuzi kabla ya Jumamosi.

---

Fundi_Cherehani

Nimekuja kwa ajili ya mpira, naona umebaki peke yake.

Tumaini, mpira wa kawaida una kipenyo cha sm 22 hivi. Tafuta kitambaa cha mraba cha sm 90. Kitandaze, mpira katikati. Pembe mbili za kulia zifunge pamoja kwa lile fundo la Shangazi, kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, uache tundu chini ya fundo pa kupitisha mkono. Pembe mbili za kushoto vivyo hivyo. Sasa una vitanzi viwili. Kimoja kipitishe ndani ya kingine, ukivute juu. Umepata mfuko wenye mkono mmoja, mpira umekaa ndani, hakuna selotepu wala mshono.

Wajapani wana kitambaa maalumu cha kazi hii, wanakiita furoshiki. Furo ni bafu na shiki ni kutandaza. Jina lilishika enzi za Edo, kati ya karne ya 17 na ya 19, watu walipokwenda kwenye mabafu ya umma na kufungia nguo zao humo ili zisichanganyike na za wengine. Mwaka 2006 waziri wao wa mazingira, Yuriko Koike, alikihimiza kirudi mikononi mwa watu ili kupunguza mifuko ya plastiki. Kitambaa kimoja kinafunga chupa leo, kitabu kesho.

Kama huna kitambaa kikubwa, unganisha. Wakorea wana aina yao ya vitambaa vya kufungia vitu, bojagi, na zile zinazoitwa jogakbo zinashonwa kwa mabaki ya nguo, vipande vya rangi na ukubwa tofauti, na ni nzuri mno. Kwako vipande vinne vya sm 47 vinatosha. Ukitoa sm 1 ya kila kipande kwenye mshono na sm 1 ya upindo kila upande, unapata 90 kamili. Nimeshona vya hivyo kwa mabaki ya chini ya meza yangu tu.

---

Neema_2

Jamani, na mimi niliyesema mifuko naomba kujua. Karatasi iliyotumika mara moja inafaa tena? Ninazo nyingi zimekunjamana kwenye kabati.

---

Shangazi_Mkunjo

Inafaa sana, Neema. Ukingo wenye selotepu upashe kidogo kwa kikaushio cha nywele, gundi inalegea, unavua bila kuchana. Kisha weka karatasi katikati ya karatasi mbili nyeupe, piga pasi ya moto mdogo bila mvuke hata kidogo, maana maji yataifanya iwe na mawimbi. Yenye plastiki usiipige pasi, itayeyuka.

Na kalenda kubwa za ukutani za mwaka uliopita, mgongo wake ni mweupe, mnene, unashika mkunjo vizuri ajabu. Hizo nilikuwa naziomba kila Januari.

---

Tumaini_K

Nimerudi. Ni dada, Shangazi, hukukosea.

Nilianza na gazeti tena. Nilipima 38, nikakata, nikaweka sanduku kwa mshazari. Pembe ya kwanza nilibana mbawa kwa nje, ikatoka vibaya, nikaifungua. Ya pili nikasukuma kwa kidole ndani. Ilikaa. Sikuamini, nikaifungua makusudi nikairudia, ikakaa tena. Zile pembe nne zilipokutana juu zilipishana kwa chini ya sentimita moja, kama ulivyohesabu.

Ndipo nikafungua kaki.

Fremu na sweta niliwapigia mistari kwa kalamu. BabaVitabu, nilifanya ukingo mmoja bila mstari ili nilinganishe. Ule usio na mstari umekuwa na mviringo, ule wenye mstari umesimama kama ukuta. Nikaupiga mstari na ule wa kwanza. Sweta lilinisumbua kidogo, kadibodi niliyoipata ilikuwa laini, katikati ikawa inabonyea. Nikaweka mbili, ndani ya sweta. Unene ukapanda, karatasi ya 54 ikapungukiwa, ukingo wa ndani sikuweza kuukunja. Nimeuficha chini ya utepe.

Kipepeo cha vikombe kilikaa wima. Nilicheka kwa furaha maana nilijua sababu. Nikabadilisha fundo la pili tu, kikalala.

Nimebaki na mpira na hereni. Kitambaa nimepata: pazia la zamani la kijani lililofifia, na gauni langu la rangi ya udongo ambalo zipu imekufa. Vipande viwili viwili.

---

Fundi_Cherehani

Vipange kama ubao wa drafti, kijani kwenye pembe zinazotazamana. Ukifunga, kila kitanzi kitakuwa na rangi zote mbili. Na pazia lipige pasi kabla ya kukata, kitambaa cha zamani huwa kimevutika upande mmoja.

---

Shangazi_Mkunjo

Sweta lingine siku nyingine, kadibodi iweke kwanza kisha ndipo upime kwa uzi. Vitu laini visipimwe kabla havijapata mfupa. Kosa hilo ni langu, nilikupa kipimo cha kitu nisichokiona.

Kwa hereni usiharakishe. Kiboksi kidogo ni kigumu kuliko kikubwa, ukucha unaziba unachokifanya. Tumia ncha ya kisu butu au rula kusukumia mbawa za ncha.

---

Tumaini_K

Jumamosi imepita. Nimekuja kuwaambia.

Hereni nilikata mara mbili. Mara ya kwanza nilikata 18 kwa 9 kwa kutoangalia, ncha hazikufika. Ya pili ikakubali, na rula ilifanya kazi kuliko kidole. Kwa hiyo kati ya zile sm 82, nilitoa 10 za hereni, na ukanda wa fremu nikaukata kwa upana wa roli nzima. Ilibidi niuunge kwa nyuma, hauonekani. Zilizobaki nimeziviringisha nikazifunga kwa uzi, ziko juu ya kabati. Ni zaidi ya nusu mita.

Dada alishika sanduku la vikombe akaligeuza, akatazama chini yake. Akapitisha kidole kwenye ukingo, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Akaniuliza nani aliyekufungia? Nikamwambia mimi. Akanyamaza. Kisha akavuta ncha moja ya utepe, fundo likafunguka lote mara moja, na ile karatasi ya pembe nne ikafunguka yenyewe mezani kama ua. Watu wakasema aah. Hilo hamkuniambia kuwa litatokea!

Mpwa wangu hajarudisha kitambaa. Anabebea mpira kwenda nao uwanjani kila jioni, na mama yake anasema amejifunza kufunga vile vitanzi mwenyewe, ila kimoja kinakaa wima.

---

Shangazi_Mkunjo

Mwambie abadilishe fundo la pili.